Hatua Zitachukuliwa, Lakini na Nani?

Pana sentensi moja ambayo Mkenya yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi anaijua kwa ghibu: "Suala lako linashughulikiwa." Huambiwa mzee anayefuatilia hatimiliki ya shamba, mwalimu aliyestaafu anayeulizia malipo yake ya uzeeni, na msichana aliyewasili chuoni na sanduku lake ilhali msaada wa karo alioahidiwa haujafika. Siku hizi sentensi hiyo haihitaji hata dirisha wala karani. Huletwa katika simu saa nane za usiku na mtambo usiojua suala lenyewe ni lipi. Anayeisoma hushusha pumzi, akaiweka simu chini, akarudi kungoja.

Malalamiko kuhusu misemo iliyochakaa aghalabu huchukuliwa kuwa maudhi madogo madogo ya walimu wa lugha, watu wasio na kazi ila kuwasahihisha wenzao. Ni kweli kwamba kila mmoja wetu ana orodha yake. Yangu huanzia na "mwisho wa siku", msemo ulioingia katika mikutano yetu, redioni na mitandaoni kutoka Kiingereza bila hata kubadilisha mavazi. Mzee wa Lamu akiambiwa kwamba "mwisho wa siku wananchi ndio watakaoamua", ana haki ya kuuliza kama uamuzi umeahirishwa hadi magharibi, maana kwa hesabu ya kale ya pwani siku huisha jua linapotua. Lugha ina "hatimaye" na ina "mwishowe", na yote mawili yameketi bila ajira. Baada ya huo huja "wadau". Neno hili lilipokuwa jipya lilikuwa na nguvu, kwa kuwa lilimtaja mtu mwenye fungu lake katika jambo, mtu ambaye jambo likiharibika naye hupata hasara. Leo mkutano wa wadau wa kilimo huwa na wadau wengi katika viti vya mbele wasiomiliki hata kunde moja, na mkulima akibahatika kualikwa huketi karibu na mlango.

Sisi tunaoandika magazetini hatujasalimika. Kila uamuzi wa serikali "huzua hisia mseto". Kila mkutano uliovurugika huwa "kizaazaa". Kila mkuu wa upelelezi huahidi kwamba hakuna jiwe litakaloachwa bila kugeuzwa, hata katika tarafa za mchanga mtupu ambako jiwe lenyewe ni la kutafutwa.

Haya yote yanachekesha, na mtu anaweza kuyavumilia kama anavyovumilia jirani mwenye redio kubwa. Yapo mengine yasiyochekesha. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alionya kwamba misemo iliyokwisha kuundwa humfikiria mtu fikira zake. Mwenye kuitumia hana haja ya kuamua anataka kusema nini. Alikuwa akizungumzia Kiingereza, na tangu hapo onyo lake limekaririwa sana hata lenyewe likawa karibu kuchakaa. Kiswahili hata hivyo kina njia yake ya pekee ya kulifanya jambo hilo, na njia hiyo ipo katika sarufi ambayo tunaifundisha kila muhula bila kuiona.

Hebu tuitazame. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kunyambua kitenzi "vunja". Juma amevunja kikombe: hiyo ni kauli ya kutenda. Kikombe kimevunjwa: hiyo ni kauli ya kutendwa, na Juma ameondoka jukwaani, ingawa bado anaweza kurudishwa kwa neno moja, "na Juma". Kikombe kimevunjika: hapo tumefika katika kauli ya kutendeka, na Juma hawezi kurudi tena. Hakuna Mswahili atakayesema "kikombe kimevunjika na Juma" akimaanisha kwamba Juma ndiye mvunjaji. Mlango umefungwa kwa sarufi. Kikombe kilikuwepo, sasa ni vigae, na katikati ya hali hizo mbili hapana mkono wa mtu.

Kauli hiyo si mbaya yenyewe. Mvua hunyesha na barabara hazipitiki. Hapo hakuna wa kulaumiwa, angalau siku ya kwanza. Lakini sikiliza lugha ya taarifa rasmi, ripoti za kamati na barua za ofisini, uone jinsi inavyozipenda kauli hizi mbili na jamaa zao. Makosa yalifanyika. Ilibainika kuwa faili haionekani. Imeamuliwa. Fedha zilipotea. Hata umeme, kwa Kikenya chetu, hukatwa mara chache mno. Aghalabu "stima zimepotea", kama mbuzi walioachwa bila mchungaji.

Walimu watakumbuka mfano ulio karibu nao zaidi. Mtihani wa kitaifa ukijulikana kabla ya siku yake tunasema "umevuja". Kitenzi hiki ni cha chungu chenye ufa na paa lenye tundu. Chungu huvuja chenyewe. Karatasi ya mtihani haina ufa. Iko mtu aliyefungua bahasha, akapiga picha, akauza. Kiswahili kina neno la mtu huyo, nalo ni "aliyevujisha", lakini neno hilo husikika mara chache sana karibu na lile la kwanza. Mitihani ya mwaka 2015 "ilivuja" kwa miezi mingi katika vinywa vyetu vyote, mpaka Machi 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipoivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Mtu anaweza kukubali au kukataa uamuzi ule. Kwa sarufi tu, ulikuwa na mtenda, kitendo na tarehe, na sote tulijua wa kumuuliza.

Msemo wenye historia ndefu kuliko yote katika jamii hii hapa kwetu ni "amri kutoka juu". Waliokuwa makazini katika miaka ya chama kimoja, kati ya 1982 na 1991, hawahitaji kuelezwa. Mwalimu alihamishwa kwa amri kutoka juu. Mkutano ulipigwa marufuku kwa amri kutoka juu. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni juu wapi, ghorofa ya ngapi, mlango upi. Ustadi wa msemo huo ulikuwa kwamba aliyeutamka alijiondolea lawama, na aliyetoa amri, kama alikuwapo kweli, naye hakutajwa. Wakati mwingine hapakuwa na amri yoyote. Palikuwa na ofisa mdogo mwenye chuki yake, na "juu" pakawa pazia lake. Vyama vingi vilirudi, katiba ikabadilishwa, na msemo ungali hai, ila siku hizi wengine huuvika suti na kuuita "maelekezo".

Mzaha unakoma pale lugha hii inapofika kwenye uhai wa mtu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo kikuu cha jijini. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai kwamba alipata majeraha baada ya kujigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Mwanafunzi wa sarufi na akitazame kitenzi hicho. Tofauti ya "kugonga" na "kujigonga" ni silabi moja, kirejeshi "-ji-", ambacho tunakifundisha kwa mifano ya watoto wanaojikata kucha na kujifunika blanketi. Taarifa ya Kiingereza ilihitaji maneno kadhaa kulisema jambo lile. Kwa Kiswahili silabi moja ilitosha kumbebesha marehemu kifo chake mwenyewe. Siku chache baadaye uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, na wataalamu wakasema haielekei kwamba alijiumiza. Inspekta Jenerali wa Polisi alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile. Maafisa kadhaa wa polisi na watu wengine walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Hukumu ni kazi ya mahakama, si ya safu hii. Ninachosema ni kwamba familia moja ilibidi ipigane kwanza na silabi kabla ya kupigana na jambo lolote jingine.

Hapa msomaji anaweza kudhani kwamba nataka kila sentensi iwe mpya kama noti iliyotoka benki. La hasha. Lugha isiyo na misemo ya kukariri haipo, na ikiwapo haitakalika. Tukienda matangani pwani husema "makiwa", tukajibiwa "tunayo", na hakuna aliyefiwa anayetamani tungebuni kitu kipya. "Pole" ni neno lililosemwa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu na halijachakaa hata chembe. Waliosoma barua za wazee wanajua kwamba baada ya salamu ndefu huja "ama baada ya salamu", kipande kilichotoka katika desturi ya barua za Kiarabu, na kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba heshima imekwisha kutolewa na sasa shauri linaanza. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika mwaka 1923 kwamba yapo maneno ambayo kazi yake si kupeleka habari bali kuwafunga watu pamoja. Alikuwa sahihi, na misemo hiyo ina alama moja inayoitofautisha na ile ninayoilalamikia: huwa na watu wawili ndani yake. Anayesema "pole" yupo mbele yako, anaonekana, na anajua anampa nani pole. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza" haina mtu. Usumbufu umejitokeza, kama uyoga.

Je, tunaizoea lini lugha hii isiyo na mtu? Wengi watalaumu ofisi, au siasa, au mitandao. Mimi naona kwamba kazi huanza mapema zaidi, na huanza kwa nia njema, katika daftari la insha.

Kwa takriban miongo minne, kutoka 1985 hadi 2023, mtoto wa Kenya aliyemaliza darasa la nane alifanya mtihani wa KCPE ambao ndani yake palikuwa na insha ya Kiswahili yenye alama 40. Alama hizo zilikuwa na thamani kubwa, na pale penye thamani huota biashara. Yakazuka makaratasi ya "mapambo ya lugha", yakanakiliwa, yakakaririwa. Mtoto akajifunza kwamba insha nzuri huanza kwa kurauka asubuhi na mapema. Kwamba jua hutoa miale yake ya dhahabu na ndege hutumbuiza matawini. Kwamba mtu akishtuka moyo humwenda joshi na akikimbia hukimbia mithili ya mwehu. Kwamba aya ya pili huanza kwa "fauka ya hayo" hata kama hapana lililotangulia la kuongezewa. Na kwamba wahenga lazima waitwe, nao hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtoto wa Lodwar, ambako jua ni adui wa mchana kutwa, naye jua lake likawa la dhahabu. Mtoto wa Mathare, ambaye asubuhi yake ni mlio wa pikipiki na foleni ya maji, akasikia ndege wakitumbuiza.

Sielewi vibaya kwa nini walimu walifanya hivyo. Mwenye wanafunzi 60 darasani na mtihani miezi mitatu mbele hana nafasi ya kumngoja kila mtoto atafute sauti yake, na anayesahihisha maelfu ya karatasi hushukuru akiona walau methali. Tena misemo hiyo, mmoja mmoja, ni mizuri. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, yaani kumhadaa kwa maneno laini yasiyo na kitu, ni picha ambayo mshairi yeyote angejivunia. Kinachosikitisha ni kwamba tumeigeuza hiyo hiyo kuwa mafuta, na sisi ndio wenye chupa. Mtoto aliulizwa: asubuhi yako ilikuwaje? Akajibu kwa asubuhi ya mtu mwingine, na akapewa 36 kati ya 40.

Sasa mfuate mtoto huyo. Anaingia sekondari, anakutana na karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, na maarifa yake yanamfaa tena. Anafika chuoni, na hapo nampokea mimi. Tasnifu yake huanza kwa "katika ulimwengu wa sasa wa utandawazi". Nikimuuliza ni nani hasa anayefanya nini katika sentensi hiyo, hunitazama kwa mshangao wa kweli, maana hajawahi kuulizwa. Miaka mitatu baadaye ameajiriwa, amepewa meza na rundo la barua za wananchi, naye anajua la kuandika. Hakufundishwa hila. Alifundishwa kwamba kuna maneno yanayofaa kwa kila tukio, na kwamba kuyaweka mahali pake ndiko kuandika. Siamini kwamba karani anayekuandikia "suala lako linashughulikiwa" ni mtu mwovu. Ni mtahiniwa aliyefaulu.

Hali imekuwa ya dharura zaidi kwa sababu ya mitambo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu za akili unde zinazotunga maandishi zimemfikia kila mwenye simu na intaneti. Programu hizo, kwa kueleza kwa ufupi, hujifunza kutoka katika maandishi mengi mno, kisha hubashiri neno linaloelekea kufuata jingine. Ndiyo kazi ile ile tuliyompa mtoto wetu wa darasa la nane, ila mtambo hauchoki na hausahau. Tukiendelea kutoa alama kwa sentensi inayotarajiwa, tutakuwa tumeandaa mashindano ambayo binadamu hawezi kushinda, na walimu wenzangu wanaolalamika kwamba hawawezi kutofautisha kazi ya mwanafunzi na kazi ya mtambo wajiulize ni kwa nini zilifanana hata kabla mtambo haujaja. Kitu ambacho mtambo haukijui ni foleni ya maji ya Mathare asubuhi ya Jumanne fulani, na ni nani aliyemsukuma nani.

Mtaala mpya wa umilisi umeiondoa KCPE, na mtu angetumaini kwamba makaratasi ya mapambo yangeondoka nayo. Sijaona dalili. Mtaala hubadilishwa kwa sheria. Mazoea ya kusahihisha hubadilishwa na mwalimu mmoja mmoja, kwa kalamu nyekundu, usiku.

Kuna msaada tulio nao ambao waliotutangulia hawakuwa nao. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 47 kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au inaelekea kuathiriwa, na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 iliyotungwa kukitekeleza inamtaka ofisa atoe uamuzi kuhusu ombi la habari ndani ya siku 21, zinazoweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Kifungu cha 7 nacho kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Weka vifungu hivyo vitatu pamoja uone: raia anaweza kuandika kwa Kiswahili chake mwenyewe, akauliza ni nani aliyeamua, lini, na kwa sababu gani, na "linashughulikiwa" si jibu la maswali hayo. Lakini hakuna anayeweza kuuliza "nani?" kama hakuwahi kufundishwa kuliona pengo la mtenda katika sentensi. Somo la kauli za vitenzi, lile tunalolipitia haraka kwa sababu "ni la alama chache", ni somo la uraia.

Kwa hiyo napendekeza zoezi moja, lisilohitaji kitabu wala fedha. Mwalimu alete darasani tangazo lolote la ofisi, barua, au ujumbe wa simu. Wanafunzi wapigie mstari kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa au kutendeka, kisha waandike upya kila sentensi wakimrudisha mtenda, na pale wasipoweza kumpata, waandike swali badala ya sentensi. "Hatua zitachukuliwa" itageuka kuwa: ni nani atakayechukua hatua, hatua gani, kufikia tarehe ngapi? Kisha waiandike barua yenye maswali hayo na kuituma. Siku 21 ni chache kuliko muhula. Darasa litaweza kungoja jibu na kulisoma pamoja. Na tangazo la kuanzia lisitafutwe mbali. Ubao ulio nje ya ofisi ya mwalimu mkuu huwa nayo machache, likiwamo lile kuhusu choo cha wasichana, linalosema kwamba kimeharibika na kwamba usumbufu unajutiwa.